Pini Zilipodondoka Mdomoni

Fundi wa nguo hushika pini kwa midomo. Mikono yote miwili huwa kazini kwenye kitambaa, kwa hiyo pini nne tano hukaa mdomoni, unazichomoa moja moja bila hata kufikiri. Nimefanya hivyo tangu nikiwa na miaka 19. Siku moja ya Januari 2019 nilikuwa nampimia msichana sketi ya kidato cha kwanza kibandani kwangu, Soko la Uhuru, Barabara ya Jogoo, Nairobi, pini mbili zikaponyoka upande wa kushoto wa mdomo zikaanguka sakafuni. Nikaziokota, nikazirudisha. Zikaanguka tena. Mama wa yule msichana akanitazama usoni, akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, hebu keti kwanza."

Dalili zilikuwa zimeshabisha hodi, mimi sikufungua. Usiku uliotangulia nililala na maumivu nyuma ya sikio la kushoto, pale kwenye mfupa. Asubuhi chai ilikuwa na ladha ya chuma, nikalaumu sufuria. Lakini Januari si mwezi wa fundi wa sare kusikiliza mwili wake. Wazazi wanafika tangu alfajiri, kila mmoja na barua ya shule mkononi, na pesa za mwezi huo ndizo zinazolipa kodi ya nyumba hadi Aprili.

Nikasogea kwenye kioo cha kujaribia nguo. Upande wa kulia nilikuwa mimi. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka kama pindo lililofumuka: shavu limelegea, pembe ya mdomo imeinama, jicho limekodoa. Nikajaribu kutabasamu, tabasamu lote likavutwa kulia. Magoti yakaniishia nguvu.

Sokoni kila mtu ana lake. Wa viatu alisema ni upepo, akaniuliza kama nilikaa dirishani kwenye matatu. Wa vifungo akasema ni kiharusi, shangazi yake kilimwanza hivyo hivyo. Mwingine alinivuta kando akaninong'oneza kwamba kuna mtu ananionea wivu kwa ajili ya wateja. Jioni mama yangu alipiga simu kutoka Mwala, sijui nani alimwambia, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, ni nani amekufanyia hivi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepitia kliniki moja karibu na nyumbani, wakanipima presha, ikawa juu kidogo, wakaniambia ni kiharusi kidogo, wakanipa vidonge vya presha na kunituma nikapumzike. Hakuna aliyenigusa paji la uso. Hakuna aliyenitazama jicho likifunga. Wote walitazama mdomo.

Aliyeliona jicho ni mtoto wangu Baraka, wakati huo ana miaka sita. Tunalala chumba kimoja hapa Umoja. Asubuhi ya pili aliniambia, "Mama, jana ulilala ukiniangalia." Nikadhani ameota. Nikaenda kwenye kioo cha ukutani, nikafumba macho kwa nguvu na kumwuliza anaona nini. "Hili limefungwa. Hili ni jeupe." Kumbe nilipojaribu kufumba, kope la kulia lilifunga na la kushoto likabaki wazi, na jicho lenyewe likapanda juu hadi pakaonekana weupe mtupu. Baadaye nilielezwa kwamba hivyo ndivyo macho ya watu wengi yanavyofanya yakifumbwa, hupanda juu kujificha, ila kope hulifunika jambo hilo tusilione. Langu halikuwa na wa kulifunika.

Siku ya tatu nilifunga kibanda, nikaenda hospitali ya umma. Nilingoja saa nyingi kwenye benchi, na aliyenipokea alikuwa afisa wa kliniki, msichana ambaye ningeweza kumzaa. Hakuanza na mdomo. Alisema, "Mama, inua nyusi kama mtu aliyeshangaa." Nikainua. Akanipa kioo kidogo nijione: paji la uso upande wa kulia limejaa mikunjo, upande wa kushoto limenyooka kama kitambaa kilichotoka kupigwa pasi.

"Pole, mama," akasema. "Lakini hiki hakifanani na kiharusi."

Akanieleza, na nimeyarudia maneno yake kwa watu wengi tangu siku hiyo. Misuli ya sehemu ya juu ya uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kiharusi kikiharibu upande mmoja ndani ya ubongo, upande wa pili bado unalihudumia paji, kwa hiyo mdomo unainama lakini nyusi mara nyingi zinapanda. Ikiwa paji nalo limekufa, basi shida kwa kawaida haiko ubongoni. Iko kwenye neva yenyewe, yaani mshipa wa fahamu unaopeleka amri hizo, njiani, baada ya kutoka ubongoni: neva ya saba kati ya jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo, neva ya uso. Hakuniachia hapo. Alinishika mikono nimsukume, akanitembeza, akanisemesha sentensi ndefu, akaniuliza kama naona vitu viwili viwili, akachungulia sikio kutafuta malengelenge, kwa kuwa kuna virusi vya tetekuwanga vinavyoweza kuamka na kuipiga neva hiyo hiyo, na tiba yake huongezewa dawa nyingine. Akapima sukari. Akanionya kwamba mtu asijipime paji nyumbani akajiambia yuko salama. Uso ukipooza ghafla, hospitali ndipo pa kwenda siku hiyo hiyo, kwa sababu kama ni kiharusi, kila dakika ina thamani.

Ugonjwa wangu unaitwa kupooza kwa Bell, kwa jina la Charles Bell, daktari mpasuaji wa Scotland aliyeeleza kazi za neva za uso mwaka 1821. Dawa ilikuwa prednisolone, vidonge vingi kwa siku kumi. Hufaa zaidi ikianzishwa ndani ya saa 72. Mimi nilikuwa nimebakiza saa chache. Hasira niliyokuwa nayo kwa ile kliniki haikuwa ya vidonge vya presha. Ilikuwa ya zile siku zilizopotea kwa kukosa sekunde mbili za "inua nyusi".

Hata bila dawa, takriban watu 7 kati ya 10 hupona kabisa. Nilishikilia hesabu hiyo wiki nzima kama mtu anayeshikilia mlango wa matatu.

Kisha yule afisa akanishika bega na kuniambia jambo ambalo sikulitarajia: "Uso utasubiri. Jicho halitasubiri."

Hapa naomba nisimame kidogo, maana ndipo nilipojifunza zaidi kuliko mahali pengine popote. Jicho tunalifunga na kulifungua kwa misuli miwili tofauti, na kila mmoja una neva yake. Anayeinua kope ni mmoja, anatawaliwa na neva ya tatu. Anayefunga ni mwingine, umezunguka jicho mduara mzima kama lastiki inavyozunguka kiuno cha sketi, nao unatawaliwa na ya saba. Ya tatu yangu ilikuwa nzima, ikawa inavuta kope juu bila mtu wa kulishusha. Ndiyo maana jicho lilikodoa. Hisia za uso wa jicho nazo ni kazi ya neva ya tano. Vumbi likigusa konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ya tano hupeleka habari, ya saba hufumba. Kwangu habari zilifika lakini mlinda mlango alikuwa amelala. Na kibanda changu kimejaa vumbi la kitambaa! Uzi mdogo wa sweta ukiniingia jichoni niliusikia kama msumari, na jicho likabaki wazi likiutazama.

Lile jicho lilitoa machozi mchana kutwa, watu wakadhani nalia. Nami nilidhani jicho linalomwaga machozi haliwezi kuwa kavu. Linaweza. Kupepesa ndiko kunakoyatandaza machozi juu ya jicho na kuyasukuma kwenye vitundu vya pembeni yaingie puani. Bila kupepesa yanajaa kwenye kope la chini lililolegea na kumwagika shavuni, huku konea ikikauka. Ikikauka inachubuka, ikichubuka inaingia vidonda, na kidonda hapo kinaweza kuondoka na uwezo wa kuona. Kwa fundi, hilo ni sawa na kukatwa mkono.

Basi nikawa na ratiba: matone ya machozi bandia kila saa nikiwa macho, mafuta mazito ya jicho usiku, kisha nalivuta kope chini kwa kidole na kulifunga kwa plasta laini. Nilikuwa nimeanza kulifunika kwa kitambaa cha pamba, wazo la jirani. Muuguzi alinikataza siku hiyo hiyo. Kitambaa kikilegea, jicho hufunguka chini yake na kusuguliwa, nacho ndicho kinacholichubua. Mchana nilivaa miwani ya jua kibandani, wateja wakaizoea.

Mlango wa pili kwenye ploti yetu alipanga kijana anayesomea udaktari wa kliniki. Kuta zetu ni nyembamba; miezi mingi nilikuwa nimemsikia usiku akikariri neva 12 kama mtoto wa madrasa anayekariri sura, nami nikigonga ukuta anyamaze. Sasa nilimgongea mlango. Aliniomba ruhusa anipime, na mimi nikaomba anifundishe, tukakubaliana.

"Mama Baraka, usigeuze kichwa. Fuata kalamu kwa macho tu." Akachora herufi H hewani, taratibu. Macho yangu yakafuata kila pembe. Akafurahi kuliko mimi.

Kila jicho, alinieleza, lina misuli sita ya kulizungusha. Neva ya tatu inaongoza minne. Ya sita inaongoza mmoja tu, ule wa pembeni unaovuta jicho kuelekea sikioni. Ya nne nayo ina mmoja tu, na huo nilimwomba anieleze mara tatu kwa kuupenda. Unatoka nyuma kabisa ya tundu la jicho, unakuja mbele hadi juu, upande wa pua, unapita kwenye kijipete cha gegedu, halafu unageuka na kurudi kushika jicho kwa juu. Yaani umepita kama uzi wa cherehani! Uzi hautoki kwenye kibiringo ukaenda moja kwa moja kwenye sindano. Unapitishwa kwenye vipete, unabadilishwa njia, ndipo unavuta upande unaotakiwa. Msuli huo ukilegea, mtu huona vitu viwili hasa anapotazama chini, akishuka ngazi. Nafikiria ngazi za ghorofa zetu, giza lile usiku, na naona uzito wake. Na neva yake ndiyo pekee kati ya zile 12 inayochomoza upande wa nyuma wa shina la ubongo. Sijui kwa nini jambo hilo linanigusa.

"Kwa hiyo macho yako yenyewe hayana shida," kijana alisema. "Kilichogoma ni kifuniko."

Sikio sikulielewa hadi wiki ya pili. Niliporudi kazini nilikanyaga cherehani ya umeme, sauti ikaniingia upande wa kushoto kama mtu anayepasua mabati kichwani mwangu. Nikatoa mguu. Nikamwuliza jirani kama mashine yangu imeharibika. "Iko vile vile, fundi." Vijiko vikigongana viliniuma. Mlango ukibamizwa niliruka. Na matatu! Anayeishi Umoja anajua matatu zetu: spika chini ya viti, muziki unatikisa mbavu, makanga anapiga bodi kwa kiganja kumwambia dereva twende. Nilisimama steji ya Mutindwa asubuhi nikiacha gari baada ya gari, nikingoja kile kizee kisicho na redio. Siku moja nilichelewa sana nikapanda lolote lililokuja, nikamwambia makanga, "Kijana wangu, tafadhali punguza kidogo, sikio linaniuma." Alinitazama: miwani, uso uliopinda. Akaenda mbele, muziki ukashuka. Mpaka leo namwombea.

Nilihofu kwamba sasa naanza kuwa kiziwi. Kijana wa mlango wa pili akacheka kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali analolijua. Kusikia ni kazi ya neva ya nane, akasema, ambayo huingia sikioni kwa tundu moja na ya saba, ndiyo maana hospitalini waliniuliza kama nina kizunguzungu. Yangu ya nane ilikuwa salama. Lakini ndani ya sikio, nyuma ya kiwambo, kuna mifupa mitatu midogo inayopokezana mtikisiko: nyundo, fuawe, na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, milimita tatu hivi. Juu yake umeshikizwa msuli wa milimita kama sita, mdogo kuliko misuli yote inayoshika mifupa. Sauti kubwa ikija, msuli huo hukivuta kikuku, kinakazika, hakirukiruki, na mlio unaofika ndani unapungua. Nyundo nayo ina msuli wake, unaotawaliwa na neva ya tano. Lakini huu wa kikuku ni wa neva ya saba.

Nikainuka nikamwonyesha kwenye cherehani yangu ya nyumbani. Kuna visahani viwili na skrubu vinavyobana uzi. Vikilegea, uzi unakimbia ovyo na mshono unafanya mafundo. "Ndivyo hasa," akasema, akaandika kwenye daftari lake.

Hata ile chai ya chuma ikapata maelezo. Tawi la ladha ya mbele ya ulimi linatengana na neva ya saba ndani ya mfupa, linakatiza sikio la kati, linapita kati ya nyundo na fuawe, ndipo linateremka ulimini. Chai yangu ilikuwa imeharibikia sikioni! Jicho, sikio, ulimi, tabasamu, pini: nilikuwa nimeviona kama misiba mitano, kumbe ni uzi mmoja uliovimba na kubanwa kwenye mfereji mwembamba wa mfupa nyuma ya sikio. Pale pale palipouma ule usiku wa kwanza.

Ushauri wa sokoni uliendelea. Wengi waliniambia nitafune chingamu kutwa nzima upande wa kushoto, nikatafuna hadi taya likachoka. Ndipo mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini aliponiambia, bila kunicheka, kwamba misuli ya kutafuna ni ya neva ya tano. Nilikuwa nafundisha mwanafunzi asiye mgonjwa. Aliniwekea kiganja chake shavuni, kitako cha mkono karibu na sikio, vidole vitano vimetawanyika: kimoja kuelekea paji, kimoja jichoni, kimoja shavuni, kimoja taya, kimoja shingoni. "Matawi yake yamekaa hivi. Yanapita ndani ya tezi ya mate hapa mbele ya sikio, lakini tezi hiyo hayaihudumii hata kidogo. Yanapita tu." Akanikataza kukaza uso kwa nguvu. Mbele ya kioo, harakati ndogo, polepole, upande mmoja usiuburute mwingine, dakika chache asubuhi na jioni. Kazi ya mkono mwepesi. Hilo nalijua, hariri haishonwi kwa hasira.

Wiki ya tano pembe ya mdomo ilitikisika. Sikuamini, nikamwita Baraka athibitishe. Sikio lilitulia kabla ya uso, nikajua siku niliyopanda matatu nikashtukia nimefika bila kuziba sikio. Jicho lilianza kufunga Machi, kwanza kwa kuchelewa nyuma ya mwenzake. Ilipofika Mei pini zilikaa mdomoni. Nilizihesabu: tano. Nilikaa nazo muda mrefu bila kuzitumia.

Haikurudi yote. Nyuzi za neva zilizokufa huota upya taratibu, milimita moja kwa siku au karibu na hapo, na nyingine hupotea njia. Uzi uliokuwa wa mdomo unaishia kwenye msuli wa jicho. Mtaalamu alinionyesha mazoezi ya kuutuliza na umepungua, ila haujaisha. Nikikunja midomo kushika pini, jicho la kushoto linasinzia. Wateja wapya huliona, siwafichi, na wakiuliza nawaambia wainue nyusi kwanza, tucheke, halafu nawaeleza.

Nikitabasamu, jicho hilo hujifunga nusu. Baraka tangu mwanzo aliamua kwamba namkonyezea yeye. Namchekea nikiwa kwenye cherehani, naye analijibu: anafunga lake la kushoto kwa nguvu, kwa uso mzima, pua na shavu na yote, kisha anarudi kwenye mchezo wake.